Safiri na Penseli



Tuseme wewe ni mkulima wa Kingerikiti. Una magunia mawili ya maharage. Unashuka kutoka milimani mpaka Mbamba Bay, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa. Unauza maharage yako. Unanunua chumvi, sabuni na dagaa. Kabla ya kurudi, unatembea kidogo ufukoni.

Hapo unaona jambo zuri. Mvuvi mmoja haaniki dagaa wake mchangani. Amejenga kichanja kirefu cha miti, na juu yake ametandika wavu. Upepo unapita juu, unapita na chini. Dagaa wanakauka upesi, na hawana mchanga hata kidogo.

Unasimama na kufikiri: "Kichanja kama hiki kingefaa kuanikia kahawa yangu." Unakitazama. Unasema moyoni, "Nimekiona. Nitakijenga nyumbani." Kisha unapanda gari, unaondoka.

Wiki mbili zinapita. Sasa unakata miti, nayo maswali yanaanza. Kichanja kile kilikuwa na miguu mingapi? Kilifika kiunoni au kifuani? Upana wake ulikuwa kiasi gani? Je, kulikuwa na mti uliolala mshazari kati ya mguu na mguu, au haukuwapo? Jirani anakuuliza kikoje. Unanyosha mikono hewani, unasema, "Kilikuwa hivi, halafu hivi." Jirani haoni kitu.

Basi unajenga kwa kubahatisha. Unatandaza kahawa iliyokobolewa na kuoshwa. Kahawa yenye maji ni nzito. Kichanja kinaegemea upande, kisha kinaanguka. Kahawa yote iko kwenye vumbi. Kahawa iliyochafuka haipati bei nzuri. Kazi ya mwaka mzima imepungua thamani kwa siku moja.

Kosa lilikuwa wapi? Macho yaliona, lakini kichwa hakikuweka. Wazee walisema: "Mali bila daftari, huisha bila habari." Mambo tunayoyaona safarini nayo ni mali. Yakikosa daftari, yanapotea.

Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Daftari unalo, na penseli unayo. Somo hili litakufundisha kutumia penseli hiyo kwa kazi nyingine: kuchora vitu unavyoviona safarini. Hatutajifunza michoro ya kupamba nyumba. Tutajifunza mchoro wa kukumbuka, na wa kumwonyesha mwenzako.

1. WATU WALIOSAFIRI NA PENSELI

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1860 Waingereza wawili, Speke na Grant, waliondoka Unguja kwenda kutafuta chanzo cha mto Nile. Waliongozwa na watu wa huku kwetu. Mmoja wao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao. Njiani Grant alichora sana. Alichora watu, nyumba, mimea na vyombo. Alipofika Karagwe aliugua mguu, akakaa huko miezi mingi hawezi kutembea. Hata hivyo hakuacha kuchora. Speke alipotoa kitabu cha safari yao mwaka 1863, picha nyingi za kitabu hicho zilitokana na michoro ya Grant. Michoro yake imehifadhiwa mpaka leo katika Maktaba ya Taifa ya Scotland. Hivyo watu wa leo wanaweza kuona jinsi vitu vilivyokuwa zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Labda utasema, "Wale walikuwa na vifaa. Mimi sina." Basi msikie msafiri mwingine. David Livingstone alifika Ziwa Nyasa mwezi wa Septemba 1859. Miaka kumi na miwili baadaye, yaani mwaka 1871, alikuwa Nyangwe katika Kongo. Karatasi zilikuwa zimemwishia. Wino pia uliisha. Je, aliacha kuandika? La. Alichukua magazeti ya zamani, akaandika juu ya maandishi yaliyochapwa. Wino aliutengeneza kwa mmea uliopatikana huko. Mtu mwenye nia hakosi njia.

Tena labda utasema, "Sikufundishwa kuchora shuleni." Edward Saidi Tingatinga naye hakusoma shule ya uchoraji. Alizaliwa mwaka 1932 katika Wilaya ya Tunduru, katika mkoa huu wetu wa Ruvuma. Alisafiri mpaka Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Baadaye alikwenda Dar es Salaam. Huko, mnamo mwaka 1968, alianza kuchora wanyama na ndege kwenye mbao nyembamba, kwa rangi za kawaida za dukani. Alifariki mwaka 1972. Lakini namna yake ya kuchora ilifuatwa na wengine wengi, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake.

Sisi hatutafuti sifa kama hizo. Tunajifunza kwao mambo matatu. Chora hata ukiwa na shida. Tumia ulicho nacho. Usisubiri kufundishwa kila kitu.

2. VITU VYA KUCHUKUA

Vitu vinavyohitajika ni vichache:

(a) Penseli moja. Ikate vipande viwili. Kimoja kikipotea, kingine kipo. Penseli ni bora kuliko kalamu ya wino, kwa sababu mchoro wa penseli haukimbii ukipata maji.

(b) Daftari dogo la shule. Libandike kwenye kipande cha boksi gumu, upate mahali pa kuegemeza mkono hata ukiwa umesimama.

(c) Kisu kidogo au wembe wa kuchongea.

(d) Kitu kisichopitisha maji cha kufungia daftari. Kipande cha turubai kinatosha. Mvua za milimani hazipigi hodi, na mtumbwi huingiza maji.

Kifutio si lazima. Ukikosea mstari, uache. Chora mwingine ulio sahihi kando yake. Mstari uliokosewa utakuonyesha kosa lako. Ukifuta kila mara, gari litaondoka kabla hujamaliza.

Siku hizi watu wengi wana simu zenye kamera. Picha ya simu inafaa, nayo ni ya haraka. Lakini betri huisha, na simu huanguka majini. Tena kuna tofauti kubwa zaidi. Unapopiga picha, simu ndiyo inayoangalia. Unapochora, wewe ndiwe unayeangalia. Huwezi kuchora mguu wa kichanja bila kujiuliza umefungwaje. Ukiwa na simu, piga picha. Kisha chora pia.

3. CHORA UNACHOKIONA

Hili ndilo fundisho kubwa la somo letu. Watu wengi wanaoanza kuchora hawachori wanachokiona. Wanachora wanachokijua.

Jaribu leo jioni nyumbani kwako. Weka chungu chini, nawe usimame mbele yake. Unajua kwamba mdomo wa chungu ni duara. Lakini tazama vizuri. Je, kutoka hapo uliposimama unaona duara kamili? Hapana. Unaona umbo kama yai lililolala. Sasa chuchumaa mpaka macho yako yawe sawa na mdomo wa chungu. Yai limekuwa jembamba, limekuwa kama mstari. Chungu hakikubadilika. Mahali pako pa kutazamia ndipo palipobadilika.

Chora chungu hicho mara mbili: mara moja ukiwa umesimama, na mara moja ukiwa umechuchumaa. Usichore chungu cha mawazoni. Angalia chungu mara nyingi kuliko unavyoangalia karatasi.

Iko habari inayotufaa hapa. Kule Liuli, kaskazini ya Mbamba Bay, kuna mwamba mkubwa kandokando ya ziwa. Wajerumani walipotawala nchi hii waliutazama, wakaona unafanana na sanamu kubwa ya Misri, yenye mwili wa simba na kichwa cha mtu. Kwa Kijerumani sanamu hiyo huitwa Sphinx. Basi wakaiita bandari ile Sphinxhafen, maana yake Bandari ya Sphinx. Hapo ndipo mwezi wa Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani iitwayo Hermann von Wissmann, mwanzoni kabisa mwa Vita Kuu ya Kwanza.

Utakapofika Liuli, watu watakuambia, "Tazama, simba yule!" Usikimbilie kuchora simba. Ukichora simba, utakuwa umechora maneno ya watu. Chora mwamba: mgongo wake unapanda wapi, unashuka wapi, nyufa ziko wapi. Ukimaliza, mwonyeshe mwenzako bila kumwambia kitu. Akisema mwenyewe, "Huyu ni simba," basi umeuchora mwamba vizuri.

4. NAMNA YA KUCHORA, HATUA KWA HATUA

Fuata hatua hizi nne kila unapochora.

Hatua ya kwanza: Tazama bila kuchora. Hesabu polepole mpaka sitini. Jiulize: Kitu hiki kina sehemu ngapi? Sehemu ipi ni kubwa? Ipi imebeba nyingine?

Hatua ya pili: Tafuta umbo kubwa. Karibu kila kitu kina umbo rahisi ndani yake. Nyumba ni sanduku lenye kofia. Mlima ni pembetatu. Mtumbwi ni ganda la njegere lililofunguliwa. Chora umbo hilo kwanza, kwa mistari myepesi. Usianze na madirisha kabla ya nyumba.

Hatua ya tatu: Linganisha. Nyosha mkono wako mbele, ushike penseli wima. Fumba jicho moja. Ncha ya penseli iwe sawa na juu ya kitu. Sogeza kidole gumba mpaka kiwe sawa na chini ya kitu. Hicho ndicho kimo chake. Sasa laza penseli bila kukunja mkono wala kusogeza kidole. Upana wa kitu unaingiza kimo hicho mara ngapi? Kama ni mara mbili, basi hata kwenye karatasi yako upana uwe mara mbili ya kimo.

Hatua ya nne: Weka mambo madogo yenye maana. Kamba, fundo, mlango, ufa. Acha yasiyo na kazi. Kama unachora kichanja, huna haja ya kuchora mbwa aliyelala chini yake.

5. MAZOEZI MATATU YA NJIANI

Zoezi la kwanza: Shamba la ngoro

Safari yako inaanzia milimani. Katika milima ya Umatengo utaona mashamba ya ngoro. Kwa mbali, mteremko mzima unaonekana kama sega la nyuki. Wewe umezoea kuyaona. Lakini je, unaweza kumchorea mtu wa mkoa mwingine akaelewa?

Chora michoro miwili. Wa kwanza uwe wa mteremko unaoonekana kwa mbali. Chora mstari wa mlima. Kisha gawa mteremko kwa mistari inayokatana. Miraba iliyo karibu nawe iwe mikubwa. Iliyo mbali iwe midogo, tena imebanana. Ndivyo macho yanavyoona: kitu kikiwa mbali, huonekana kidogo.

Mchoro wa pili uwe wa ngoro moja iliyokatwa katikati, kama mtu anavyokata boga ili aone ndani. Onyesha shimo lililo katikati. Onyesha matuta yaliyolizunguka. Ndani ya matuta onyesha majani yaliyolazwa na kufunikwa kwa udongo. Kisha andika maneno kando: "Majani huoza, huwa mbolea." "Maji ya mvua hukaa shimoni, hayachukui udongo." "Mazao hupandwa kwenye matuta."

Unaona? Mchoro wa kwanza unaonyesha shamba lilivyo. Mchoro wa pili unaonyesha shamba linavyofanya kazi. Mtu wa mbali anahitaji yote miwili. Wala usisahau maneno. Mchoro na maandishi ni kama jembe na mpini. Kimoja peke yake hakilimi.

Zoezi la pili: Ziwa kutoka juu na kutoka chini

Unapoteremka, utafika mahali ambapo ziwa linaonekana kama shuka kubwa. Simama. Tazama mahali maji yanapokutana na mbingu. Hapo panaitwa upeo wa macho. Uchore kwa mstari mmoja ulionyooka. Ukiwa juu mlimani unaona maji mengi chini ya mstari huo. Ukifika ufukoni na kukaa mchangani, maji yanaonekana kama utepe mwembamba. Sababu ni hii: upeo huwa sawa na macho yako. Ukipanda, nao unapanda. Ukikaa, nao unashuka.

Chora ziwa mara mbili, kutoka juu na kutoka chini. Andika chini ya kila mchoro mahali uliposimama na saa uliyochora.

Zoezi la tatu: Mtumbwi wa jioni

Kwa sisi tulio upande wa Tanzania, jua huchwea upande wa ziwa. Jioni mtumbwi uliopo kati yako na jua huonekana mweusi wote. Huoni rangi wala nyufa. Unaona umbo tu. Wakati huo ni mzuri sana kwa mwanafunzi. Chora mstari wa nje peke yake: pua ya mtumbwi, ubavu, mkia, mvuvi na kasia lake. Mtumbwi hausubiri, kwa hiyo chora haraka. Ukiondoka kabla hujamaliza, chora wa pili. Mitumbwi kumi mibaya itakufundisha zaidi ya mmoja uliousumbukia saa nzima.

6. ADABU YA MCHORAJI

Mchoraji ni mgeni. Mgeni huomba.

Kabla ya kuchora mtu, nyumba yake au kazi yake, salimia kwanza. Kisha eleza shida yako. Kwa mfano:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hujambo, ndugu?"

"Sijambo, mzee. Mimi natoka Kingerikiti. Nimeona kichanja chako, nimekipenda. Naomba nikichore, nikawaonyeshe wenzangu kijijini."

"Kuchora? Kwa nini usitazame tu?"

"Nikitazama tu nitasahau, mzee."

"Haya, chora. Lakini usiuache ule mti wa mshazari. Mimi niliuacha mwaka wa kwanza, kikaanguka."

Umeona faida ya kuomba? Mzee huyu amekupa ruhusa, na elimu juu yake. Angekuona unachora kwa kujificha, angekufukuza, na siri ya ule mti usingeipata. Ukimaliza, mwonyeshe mchoro. Mwulize kama umeacha kitu. Mwenye kazi ndiye mwalimu wako.

Mtu akikataa, shukuru, funga daftari. Usichore mahali pa matambiko wala watu wanaosali au wanaoomboleza bila ruhusa ya wahusika. Usichore kambi za jeshi, vituo vya polisi wala vya mpakani. Kumbuka kwamba tuko karibu na Msumbiji, na ng'ambo ya ziwa ni Malawi. Ukiulizwa unachofanya, fungua daftari na uonyeshe.

7. SASA CHORA KICHANJA

Turudi ufukoni Mbamba Bay. Safari hii una daftari. Mzee amekuruhusu. Fanya hivi:

Kwanza, chora kichanja ukiwa umesimama mbele yake. Hapo utaona urefu wake na idadi ya miguu.

Pili, nenda upande wa mwisho, ukichore tena. Hapo utaona upana wake na kimo chake. Utaona pia ule mti wa mshazari unaozuia miguu isiegemee.

Tatu, inama. Chora fundo moja tu, kwa ukubwa. Kamba imezunguka mara ngapi? Imepita juu ya mti au katikati?

Nne, pima. Huna futi kamba? Mwili wako ni kipimo. Shibiri ni kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole kidogo, mkono ukiwa umekunjuliwa. Dhiraa ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Kwa watu wengi, shibiri mbili ni karibu sawa na dhiraa moja, na dhiraa ni karibu nusu mita. Andika vipimo penye mchoro: "Kimo, dhiraa 2. Upana, dhiraa 2 na nusu. Urefu, hatua 8." Ukifika nyumbani, tumia mkono uleule na miguu ileile. Kama atakayejenga ni fundi, kata kijiti chenye urefu wa dhiraa yako, umpe.

Tano, jiulize: Kitu hiki kitabadilika nini nyumbani kwangu? Kichanja hiki ni cha dagaa. Changu ni cha kahawa. Mtu anayegeuza kahawa lazima mkono wake ufike katikati bila taabu. Pale isipogeuzwa, kahawa huota ukungu. Kwa hiyo kama upana ni mkubwa mno, upunguze. Na jambo jingine: wavu uliokwisha kuanikia dagaa usiupeleke kwenye kahawa. Kahawa hushika harufu upesi. Andika hayo yote kando ya mchoro, kabla hujaondoka ufukoni.

8. RAMANI YA NJIA

Kuna mchoro mwingine unaomfaa kila msafiri. Ni ramani ya njia. Chora mstari mmoja kutoka chini ya ukurasa mpaka juu. Chini andika "Kingerikiti". Juu andika mahali unapokwenda. Kisha, kila unapopita kitu cha kukumbuka, kitie kwenye mstari: daraja, njia panda, mti mkubwa, kanisa, shule, zahanati, kisima cha maji safi. Andika saa uliyofika hapo. Mahali njia inapogawanyika, chora njia zote mbili, na utie mshale penye njia yako.

Ramani kama hiyo haitakuwa sawa na ya serikali. Lakini mgonjwa anayetafuta zahanati, au kijana anayesafiri kwa mara ya kwanza, ataifuata na kufika.

9. UKIRUDI NYUMBANI

Jioni ya kwanza, kabla usingizi haujakuchukua, fungua daftari. Jazia maneno uliyoyaacha. Andika tarehe, mahali, na kitu ulichochora. Miaka mingi baadaye mchoro usio na jina huwa kitendawili hata kwa aliyeuchora.

Kisha waite wenzako. Jirani yule uliyemnyoshea mikono hewani, mpe daftari. Usiseme neno. Mwache atazame. Atakuuliza, "Mti huu wa mshazari ni wa nini?" Hapo utajua kwamba mchoro wako umefika. Fundi ambaye hajawahi kuliona ziwa ataweza kujenga kichanja. Mkeo ataangalia kimo chake na kusema, "Hiki ni kirefu kwangu, punguzeni." Asemalo ni la kweli, maana ndiye atakayekigeuzia kahawa. Mtakosoa kwenye karatasi, na karatasi haiumizi. Kosa la karatasi ni nafuu kuliko kosa la miti na kahawa.

Wazee wetu walipotoka safarini walileta chumvi, majembe na vitambaa. Wewe leta hivyo, na zaidi ya hivyo leta ukurasa mmoja wa elimu. Dagaa wataliwa waishe. Ukurasa utabaki, na mwingine ataupeleka mbele.

Tembea uone. Na ukiisha kuona, chora.

MASWALI

1. Kwa nini kichanja cha kwanza kilianguka?
2. Livingstone alifanya nini karatasi zake zilipoisha?
3. Kuna tofauti gani kati ya kuchora unachokijua na kuchora unachokiona? Toa mfano wako mwenyewe.
4. Taja hatua nne za kuchora.
5. Kwa nini ni vizuri kuchora ngoro mara mbili?
6. Je, mvuvi angemwambia nini mchoraji aliyechora kwa kujificha? Jadilianeni.

KAZI YA KIKUNDI

Kila mwanakikundi achore kitu kimoja kilichopo kijijini kwa jirani lakini hakipo kwenu: jiko, choo, ghala, kisima au kichanja. Aweke vipimo na maneno. Aje nacho darasani. Asielezee kwa mdomo. Wenzake waseme wenyewe ni kitu gani, na kinajengwaje. Kisha kikundi kichague mchoro mmoja, na kitu hicho kijengwe kabla ya mavuno yajayo.

MANENO YA KUKUMBUKA

Dhiraa: kipimo cha kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati.
Kichanja: meza ya miti ya kuanikia vitu.
Mshazari: mlalo wa kukatiza kutoka pembe hata pembe.
Shibiri: kipimo cha kiganja kilichokunjuliwa.
Upeo wa macho: mahali ambapo maji au nchi huonekana kukutana na mbingu.